Kijani cha Ndani ya Sanduku

Sanduku liliingia karakana kabla ya mwenyewe. Lilisukumwa kwa mguu, likateleza sakafuni kwa kelele za debe tupu, likaja kusimama kwenye magoti ya Mdogo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akikunja ukingo wa bati. Nyuma yake akaingia mama mmoja wa makamo, jasho linamtiririka na mkoba uko begani, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni tangu barabarani.

"Tisini na Sita gani hii? Mwanangu hajamaliza hata muhula, kitasa kimeng'oka, kona zimefumuka, nguo zote zimelowa! Mama yangu mzazi ana sanduku lenu tangu mimi sijaolewa, na mpaka leo analikalia akichambua mboga. Nyinyi mmeanza lini kutuuzia makopo?"

Mdogo alipitisha kidole kwenye kona. Kona ya sanduku la kwao hukunjwa mara mbili, kisha hugongwa mpaka ukipitisha shali ya hariri haikwami. Hii ilikuwa imekunjwa mara moja tu, kwa mashine, na ilimchana kidole palepale. Akakinyonya, akafungua kifuniko. Ndani kijani. Kwenye ukingo wa mbele, namba 96.

"Hili si letu," alisema.

"Si lenu vipi? Kijani hiki hapa! Namba hii hapa!"

"Kijani ni chetu. Namba ni yetu. Sanduku si letu."

Yule mama alimtazama kama anavyotazamwa mtu ambaye hazimo zote. Na usimlaumu. Jibu lile, ukilisikia bila kujua lilikotoka, hata wewe ungeshika mkoba wako vizuri ukarudi nyuma.

Mdogo mwenyewe, kwanza, si mdogo. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, mabega mapana, na sauti ya kumsimamisha muuza maji aliye ng'ambo ya barabara. Jina lilimganda kwa sababu baba yao, fundi bati, alikuwa mchoyo wa maneno: mabinti zake wawili aliwaita Mkubwa na Mdogo, basi, imetoka. Mkubwa alipokua mtaa mzima ukaanza kumwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Mdogo akabaki Mdogo.

Namba nayo ina habari yake. Siku moja yule baba alinunua kwa mtu aliyekuwa akihama kijisanduku cha mihuri ya chuma, ile ya kugongea tarakimu kwenye bati. Alikichukua kwa furaha bila kukifungua. Kufika nyumbani, lahaula, ndani mna muhuri mmoja tu: sita. Mtu mwingine angerudi kugombana. Yeye alikaa akauangalia, akaugonga kwenye bati kichwa chini, ukatoa tisa. Akaugeuza, akaugonga tena, ukatoa sita. Kuanzia hapo kila sanduku lililotoka mikononi mwake lilibeba 96, na akiulizwa maana yake alijibu, "Maana yake nimelitengeneza mimi."

Na kijani? Kijani ni kwa sababu ya Mdogo. Zamani masanduku yote yalipakwa rangi nyeusi ndani na nje, kwa kuwa nyeusi ilikuwa ya bei nafuu. Mdogo, akiwa mtoto wa kucheza kombolela, alijificha ndani ya moja, kifuniko kikaanguka, kitasa kikajifunga. Alipotolewa alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ikawa tabu: mtoto wa fundi masanduku anayetimua mbio akiona sanduku! Wateja walicheka, baba aliona haya. Ndipo Dada, naye msichana tu wakati huo, alipochukua bluu iliyobaki kwenye geti la jirani na manjano iliyobaki kwenye kibao cha duka, akazichanganya kwa kijiti na tone la nyeupe, akapaka ndani ya sanduku dogo kabisa. Kilitoka kijani cha jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejikunja. Akamshika mdogo wake mkono.

"Njoo uchungulie. Humu ndani hamna giza tena."

Mdogo akachungulia. Halafu akaingia mwenyewe na doli lake, akakataa kutoka mpaka wakati wa kula. Mteja aliyekuwa hapo akasema naye anataka la namna ile. Wa pili naye. Baba hakupaka nyeusi ndani tena.

Tangu hapo kazi ikagawanyika, na mgawanyo huo haukuwahi kuvunjwa: bati kwa Mdogo, rangi kwa Dada. Baba alipofariki ilibaki hivyohivyo. Dada alichanganya kwa jicho, bila kipimo na bila mfano mbele yake, akisema rangi anayo kichwani. Mdogo akisogeza tu mkono karibu na kopo, alichapwa kijiti cha vidole. "Wewe kunja bati!" Huko mabwenini masanduku yalipangwa mistari, yote meusi kwa nje; asubuhi yakifunguliwa, kijani kikiwaka mahali, kila mtu alijua: lile ni la kwao, halivunjiki.

Sasa ndipo mwenye ghala alipotia mkono. Huyu, aliyetengeneza na kuuza lile sanduku lililofumuka, alikuwa na mashine, malori, na tumbo la mtu ambaye mambo yake yanamwendea vizuri. Mdogo alimfuata siku ileile aliyochanwa kidole, lile kopo aliloachiwa na yule mama liko kichwani, akalitua juu ya meza yake. Mwenye ghala hata hakukasirika. Alicheka mpaka kiti kikalia.

"Mama, kijani ni cha Mungu. Miti yote utaishtaki? Na namba ni za watu wote. Au unataka kunifunga kwa kujua kuhesabu?"

Wafanyakazi wake nao wakacheka, maana aliyecheka ndiye anayewalipa. Mdogo alirudi nyumbani na kopo lake, damu inamchemka, na kwa wiki nzima aligonga bati kwa hasira hata majirani wakafunga madirisha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na jibu. Ni kweli, kijani ni cha nani? Namba ni za nani?

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa viatu vya kisigino. Alikuwa wakili kijana aliyekuja kuagiza sanduku la mwanawe wa kwanza, kama alivyoagiziwa yeye zamani. Alimkuta Mdogo akimsimulia Dada habari ya ghala kwa mara ya ishirini, mikono ikiruka huku na huku. Wakili akaacha kupima sanduku.

"Hebu subiri, mama. Rudia hapo. Alisema hakuna anayeweza kumiliki rangi?"

"Ndivyo alivyosema, na akacheka juu yake."

"Basi amecheka mapema." Alivuta kigoda akaketi, sketi yake safi ikakutana na vumbi la bati wala hakujali. "Sikilizeni, mama zangu. Alama ya biashara si lazima iwe jina au picha. Kitu chochote ambacho mteja akikiona anajua bidhaa imetoka kwa nani kinaweza kuwa alama. Hata rangi. Hata namba."

"Usinitanie, mwanangu," Mdogo alisema, lakini alikuwa ameshasimama.

"Sitanii. Si rahisi, nisikudanganye. Huwezi kuchukua kijani chote ukakifungia kabatini. Unaomba kijani kimoja, hikihiki, mahali pamoja, ndani ya kifuniko cha sanduku la bati. Na namba isiwe ya kipimo wala ya bei, iwe ya kukutambulisha tu. Lazima uthibitishe kwamba watu wakiona hivi wanawafikiria nyinyi. Na rangi iwe moja. Isiyobadilika."

"Isiyobadilika!" Dada alidakia kutoka upande wake, kijiti mkononi. Alikuwa amevuta meza yake ya rangi mpaka mlangoni kabisa, karibu kutoka nje. "Mimi nachanganya ileile tangu huyu hana meno."

Mdogo alishindwa kukaa. Alizunguka karakana, akapiga makofi, akamkumbatia wakili akamwachia alama ya mikono miwili mgongoni. Kumbe lilikuwa na mlango jambo hili!

Maombi yakapelekwa kwa Msajili wa alama za biashara. Mwenye ghala, alipopata habari, hakucheka tena, aliweka pingamizi. Aliandika kwamba 96 ni namba kama namba nyingine, na kwamba kijani chake ni kijani chochote tu, cha dukani, alichokichagua bila kumtazama mtu. Akishinda, yeye na mashine zake wangejaza masoko kwa makopo yenye kijani cha Dada, na baada ya miaka michache hakuna ambaye angekumbuka kilianza kwa nani. Mdogo alilijua hilo vizuri. Alifunga kibwebwe.

Wakili alitaka masanduku ya zamani na mapya, ili Msajili aone kwa macho yake. Mdogo akakodi mkokoteni akaingia mitaani kuyaazima. Furaha ya siku zile! Alikaribishwa vyumbani asikokuwa amewahi kufika. Bibi mmoja alimwaga nguo zake zote kitandani bila kusita, akasema, "Chukua, ukamwangushe huyo." Mwalimu mstaafu alitoa lake lililojaa madaftari, akatoa na simulizi ndefu pamoja nalo. Kila alilopewa, Mdogo alipitisha kidole kwenye kona, akapapasa 96, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kulipakia likiwa limefungwa. Kufungua alifungulia wapi? Rangi haikuwa idara yake. Na wakili alisema, "Tutayafungua yote kwa pamoja mbele ya Msajili. Waone moto!"

Kweli, moto walikuja kuuona.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu, na dirisha kubwa lenye mwanga mzuri. Msajili alikuwa baba mwembamba, miwani imeshuka puani, mtu wa kuuliza polepole. Wakaanza na namba. Wakili wa mwenye ghala akasema 96 bila shaka ni kipimo cha sanduku. Mdogo akaomba ruhusa, akatoa kwenye mfuko wa gauni ule muhuri wa baba yake, nyundo na kipande cha bati. Ta! Kichwa chini. Ta! Kichwa juu. Tisini na sita. Akaeleza habari ya kijisanduku kilichokuwa na muhuri mmoja. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Msajili, huku akijifanya anakagua ushahidi, aliomba naye agonge. Akagonga. Akaiangalia 96 yake kwa muda, kisha akaandika kitu.

"Kwenye namba nadhani tumeelewana," alisema. "Tuje kwenye rangi."

Masanduku yalikuwa yamepangwa kwa umri, la zamani kushoto, la mwaka huu kulia. Wakili akapita akivifungua vifuniko kimoja kimoja. La kwanza, jani changa la mgomba. La pili, lilelile. La tatu, lilelile, na Mdogo akakaza ngumi kwa furaha. La nne likawa na kivuli kidogo. La tano lilikuwa la mbali zaidi. Na la sita, la mwaka huu, jamani! Lilikuwa karibu bluu. Kijani kilikuwemo, ndiyo, lakini cha kutafuta.

Masanduku huwa yamefungwa. Jua haliingii humo, kwa hiyo hata kusema yamepauka haikuwezekana. Rangi ilikuwa imetembea, mwaka hadi mwaka, hatua ndogo ambazo mtu aliye nazo kila siku hawezi kuziona.

Wakili wa mwenye ghala alisimama taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula anachokipenda. "Mheshimiwa, ningependa kujua. Wanaomba kijani kipi? Hiki, kile, au hicho kingine?"

Dada, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye masanduku, akageuza kichwa huku na huku.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Si ni rangi moja?"

Hapo ndipo Mdogo alipoelewa, na alielewa kwa mpigo mmoja. Meza iliyovutwa mpaka mlangoni. Chai iliyomwagwa nje ya kikombe. Sindano ambayo siku hizi Dada humwambia, "Hebu nitungie, mikono yangu ina rangi." Mikono yake ilikuwa na rangi miaka yote, mbona zamani alitunga mwenyewe? Dada alikuwa haoni vizuri, na hakumwambia mtu, pengine hata yeye mwenyewe hakujiambia.

Mdogo aliomba watoke kidogo. Kwenye ukumbi, mbele ya mtungi wa maji, alimshika dada yake mikono yote miwili akamwambia moja kwa moja, kwa kuwa hakujua namna ya kulizungusha.

"Dada, rangi imebadilika. Bluu imezidi. Imekuwa ikizidi kwa miaka."

"Nani kazidisha?"

Dada akainua kiganja chake, akakisogeza karibu na uso, akakirudisha, akakisogeza tena. Mdogo alikuwa tayari kurudi ndani aseme uongo wowote, kwamba ilikuwa mitindo, kwamba wateja ndio waliotaka, chochote cha kumsitiri.

"Usithubutu," Dada alisema, maana alimjua. Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi chumbani, akasimama mbele ya Msajili bila kuitwa.

"Baba, macho yangu yameharibika na mimi nilikuwa nakaidi. Manjano naiona kila mahali, basi najibu kwa bluu. Rangi yetu ni ile ya kwanza kushoto. Hayo mengine ni macho, si rangi."

Msajili alivua miwani yake akaifuta. Alisema, kwa upole lakini bila kupindisha, kwamba hawezi kusajili rangi inayotembea. Waende wakachague moja, waiweke mahali ambapo haitasogea, na walete mtu au kitu cha kumshawishi kwamba watu huijua kuwa ni yao. Kikao kingerudi kabla ya shule kufunguliwa. Mwenye ghala alitoka akipiga mluzi.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anatolewa vizuri tu. Dada, aliyesimama mbele ya Msajili bila woga, alirudi nyuma alipoona kitanda cha magurudumu. Alipotolewa alikuwa amefungwa bendeji jicho la kwanza, na la pili bado lina ukungu wake. Mdogo alikaa naye.

"Mdogo wangu," Dada alisema, akimpapasa mkono. "Humu ndani ni giza kweli."

"Mimi nilikwambia zamani," Mdogo akajibu, na wote wawili wakacheka huku wanalia, mpaka muuguzi akaja kuwagombeza.

Bendeji ilipofunguliwa, Dada hakutaka kwenda nyumbani kupumzika. Alitaka karakana. Aliingia akisimama kila hatua mbili: kumbe ukuta una ufa! Kumbe Mdogo ana mvi! "Umezeeka lini wewe?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. Halafu akayaona masanduku ya oda ya mwisho, vifuniko wazi, yakingoja kukauka. Akashika kiuno.

"Nani kapaka upuuzi huu?"

Mdogo alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Dada naye, alipokumbuka, akajifunika uso kwa kanga. Ndipo, alipokuwa akizunguka akijishangaa, jicho lake jipya likaangukia kona ya nyuma, kwenye lile kopo la ghala lililosukumwa kwa mguu siku ile. Kifuniko kilikuwa wazi. Dada akaliendea. Akalitazama. Akaliburuta mpaka kwenye mwanga, akaliweka bega kwa bega na sanduku la mwaka jana, ambalo mteja alikuwa amelirudisha kubadilishiwa bawaba.

"Mdogo! Njoo hapa! Njoo mbio!"

Mdogo akaja mbio. Rangi zilikuwa sawa. Sawa kabisa, kama zimetoka kopo moja. Ile bluu iliyozidi, kile kivuli kisicho na jina, vyote vilikuwemo.

"Huyu mtu!" Dada alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa na hasira na shangwe pamoja. "Hata kosa langu kaiba!"

Mdogo alikuwa ameshashika simu. Alizungumza haraka hata wakili akamwomba aanze upya mara mbili, na alipoelewa, upande wa pili wa simu ulisikika ukelele ambao hautegemewi kutoka kwa mwanasheria. Wakili akapita katika maduka ya rangi moja baada ya jingine akiulizia kile kijani cha kibluu. Hakuna lililokuwa nacho. Duka moja lilikuwa na mashine ya kupima rangi. Waliilenga kwenye sanduku, ikasema haiijui.

Safari hii Mdogo hakwenda mitaani. Alipiga magoti chumbani kwake, akavuta kutoka uvunguni sanduku dogo kuliko yote, lile la doli. Ndani lilikuwa jani changa la mgomba, safi kana kwamba limepakwa jana. Mashine ya duka ililisoma, likapewa tarakimu za kuitambulisha rangi ile, na wale walioazimisha masanduku ya zamani, bibi na mwalimu wakiwa mstari wa mbele, wakaja wenyewe kusema kijani hicho wanakijua na ni cha nani.

Kwenye kikao, wakili aliuliza swali moja tu kwanza. "Bwana, wewe ulisema kijani chako ni kijani chochote cha dukani. Duka gani?"

Mwenye ghala alisema hakumbuki. Yako mengi.

Wakili akafungua sanduku la ghala. Akafungua na la mwaka jana la akina Dada. Akayasogeza yakagusana chini ya lile dirisha kubwa. "Mheshimiwa, kijani hiki hakiuzwi popote. Kilizaliwa ndani ya jicho gonjwa la mama huyu aliyekaa hapa. Duniani kilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya masanduku yao. Kimefikaje kwake?"

Watu wote waligeuka. Mwenye ghala alifungua mdomo, likamponyoka.

"Sisi tulipeleka tu sampuli dukani watuchanganyie."

"Sampuli ya nini?" Msajili aliuliza, polepole kama kawaida yake.

Wakili wa mwenye ghala alikuwa anatazama feni. Mdogo alijiziba mdomo kwa mikono miwili, maana kigelegele kilikuwa kimeshafika kooni, na nusu yake ilitoka hata hivyo.

Uamuzi uliposomwa, ulikuwa na mipaka myembamba, nao waliupenda hivyohivyo ulivyo: 96 kwenye masanduku ya bati, na kijani cha sanduku la doli ndani ya vifuniko vyake. Mtu asiyeweza kuchagua kijani mwenyewe mpaka achukue chao, Msajili alisema, ameshasaidia kuthibitisha kwamba kijani hicho kina mwenyewe. Kabla ya kuinuka, aliwauliza kitu ambacho hakikuhusu kesi: kwa nini ndani, mahali pasipoonekana?

"Nilikuwa naogopa giza," Mdogo alisema. "Dada akanipakia."

Nje mwenye ghala alipita haraka bila kupiga mluzi. Alikuwa huru kupaka kijani milango, ndoo, hata pua yake akitaka.

Kesho yake asubuhi Dada alifungua kopo la bluu na kopo la manjano, akaweka sanduku la doli katikati ya meza, wazi, liwe mfano. Halafu, badala ya kuanza, akamnyooshea Mdogo kijiti.

"Mimi?" Mdogo alirudisha mkono nyuma, akikumbuka vidole vyake.

"Wewe. Rangi ya kutegemea macho ya mtu mmoja tumeona ilikotupeleka. Changanya."

Mdogo akakishika kile kijiti kama yai. Mtu wa kukunja bati bila kutazama, leo anafumba jicho moja kupima tone la rangi! Akatia manjano, akatia bluu, akakoroga, akaongeza tone la nyeupe, akainamia kopo, akainuka ametabasamu. Dada akachungulia.

"Bluu imezidi."

"Imezidi wapi? Mimi naona sawa kabisa."

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema na mimi," Dada alisema, akamsukumia kopo la manjano.